Nyumba ya Nyigu

Usiku wa kuamkia Jumamosi sikulala.
Mswaki wa kwanza ulikwisha meno saa nne,
wa pili ulifia kwenye mapezi ya rejeta,
wa tatu ulikuwa wangu mwenyewe.
Mafuta ya taa, majivu, kipande cha kanga kuukuu,
nikaisugua Pijo 404 ya Bwana Kishumbua
mpaka kabureta ikaniona.

Ndiyo, ikaniona. Uso wangu ulikuwa mle,
pua imetanuka, shingo imepinda,
juu ya shaba ya bomba la petroli.

Asubuhi, uwanja mdogo wa ndege, Moshi.
Mlima umejifunika, hauna habari na sisi.
Magari thelathini na moja yameachama
kama watoto kwenye foleni ya daktari wa meno,
na wanaume wenye kofia wanapita, mikono nyuma,
wanainama, wanaguna "mmh",
hakuna anayegusa.
Injini isiyoguswa! Kwetu Pasua
injini hupigwa kofi, hutukanwa, huwashwa kwa kusukumwa.
Hapa inatazamwa kama maiti ya askofu.

Mwisho wa mstari, ndege ya manjano,
mabawa juu, mabawa chini, imefunguliwa pua.
Silinda tisa zimeizunguka shafti
kama vifaranga kwenye sahani ya chenga,
na chini yake sufuria: tone, tone, tone.
Rubani wake, Mama Aikande, hakuipangusa.
"Siku ikiacha kuvuja," alisema, "siku hiyo sipandi."
Nikampenda papo hapo.

Bwana Kishumbua alinyoosha tai.
"Kila kitu chini ya boneti hii
kiko kama kilivyotoka kiwandani.
Waya zilezile. Rangi hii nyeupe, ileile.
Na nimeisafisha kwa mikono yangu."
Mikono yake ilikuwa mfukoni.
Yangu nikaificha nyuma ya sketi.

Jaji alikuja na tochi ndogo, na kioo chenye mpini,
kioo cha kutafutia dhambi mahali jicho halifiki.
Akakipitisha chini ya manifoldi, nyuma ya betri,
akakitelezesha nyuma ya boksi la hita,
akakaa kimya.
"Hiki nini?"

Nilikuwa nakijua.
Udongo mwekundu, vyumba vitatu, nyumba ya nyigu,
iliyofinyangwa ile miaka kumi na tisa
gari lilipolala migombani Kibosho
na kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva.
Kinyesi nilikiosha. Kutu, kutu tupu, niliipiga msasa.
Nilipopuliza rangi mwezi wa sita
nyumba ile niliifunika kwa gazeti,
na jana, saa tisa ya usiku, niliimulika tena
nikaona alama za vidole,
hapana, nyigu hana vidole,
alama za mdomo, mstari juu ya mstari,
kazi safi kuliko yangu.
Mswaki ukagoma.

Zikakatwa alama tatu.
Kombe likaenda kwa Landrova ya Usa River.
Bwana Kishumbua hakufoka. Aliniambia tu,
kwa ile sauti yake ya kuhesabia chenji:
"Nsia. Kakwangue. Leo."

Nikakwangua, jioni, kwa bisibisi bapa.
Ndani: miguu mikavu ya buibui, vumbi.
Wapangaji walishahama, hawadaiwi kodi.
Na pale udongo ulipong'oka, kwenye bati,
kiraka kama kiberiti kwa ukubwa:
kijani.
Kijani kibichi, cha jani la mbaazi, kinang'aa,
rangi ambayo gari lilizaliwa nayo,
ambayo jua halikuipata, wala kutu,
wala Bwana Kishumbua, wala mimi.

Nikatazama kushoto, kulia.
Kopo la nyeupe lilikuwa miguuni pangu, brashi juu yake.
Nikaliacha.
Nikaishusha boneti kwa mikono miwili,
nikaisindikiza mpaka ikasema tk.

Usiku ule nilipiga mswaki kwa kidole na chumvi.